Uzi wa Kupimia Maji: Mazungumzo juu ya Wanamaji wa SEAL
Hotuba iliyotolewa Likoni, Mombasa, mbele ya vijana na wazee wa mtaa

Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, nanyi vijana mliojaa hadi mlangoni: assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Nimeitwa nije nizungumze juu ya SEAL, makomando wa majini wa Marekani. Barua ya mwaliko iliandikwa na vijana, na niliposoma nikajua mara moja kwamba habari hizi wamezipata kwenye sinema: miwani ya kuonea gizani, helikopta, mlango unapigwa teke, halafu sauti ya "twende, twende!" Nikawajibu kwamba nitakuja, ila askari sikuwahi kuwa. Nilikuwa rubani wa bandari, pailoti kama tulivyozoea kuitana pale Kilindini. Kazi yangu ilikuwa kupanda meli ya mgeni huko nje ya mwamba na kuiingiza ndani salama. Mtu wa kazi hiyo akisoma habari za vita vya baharini, jicho lake huenda kwenye kina cha maji, saa ya kujaa na kupwa, upepo na mkondo. Nami nilipoisoma historia ya hawa jamaa kwa jicho hilo, niliona jambo ambalo sinema hailigusi. Kikosi chao kilizaliwa kwa sababu jeshi kubwa lilikosea kuyasoma maji. Na tangu hapo hadi juzi juzi tu, bahari imekuwa ikiwaua hata mahali ambapo adui hakufyatua risasi moja.

Basi tuanzie huko. Novemba 20, mwaka 1943, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, kwenye Bahari ya Pasifiki. Kuna visiwa vya matumbawe vinaitwa Tarawa, leo viko katika nchi ya Kiribati. Kimojawapo, Betio, ni kidogo kiasi kwamba mtu wa miguu anakimaliza kabla jua halijapanda sana. Wajapani walikuwa wamechimba mahandaki humo, wakajaza mizinga na wanajeshi wapatao 4,500. Marekani ilitaka kukichukua kwa sababu ya uwanja wake wa ndege. Wakaleta manowari, wakapiga mabomu mpaka kisiwa kikafunikwa na moshi, kisha wakateremsha wanajeshi wao wa Marine katika boti za mbao, zile zinazofungua mlango wa mbele zikifika ufukweni.

Sasa, nyinyi watoto wa Likoni na Shelly mnaujua mwamba. Mnajua maji yakijaa ngalawa inapita juu yake bila kugusa, na yakipwa watu wanatembea kwa miguu kuokota pweza. Betio nayo imezungukwa na mwamba wa namna hiyo. Boti zile zilihitaji maji ya futi 4 hivi ili zipite. Wapangaji wa vita walitarajia futi 5. Kulikuwa na mtu mmoja, Meja Frank Holland, aliyekuwa ameishi visiwani humo miaka mingi, na aliwaonya kwamba siku hiyo maji hayatazidi futi 3. Hakusikilizwa vya kutosha. Mwezi ulikuwa katika robo yake ya mwisho, maana yake maji mafu. Kila mvuvi aliyeketi hapa anajua kwamba katika maji mafu bahari haijai ikajaa kweli wala haipwi ikapwa kweli. Tena mwaka 1987 mwanafizikia mmoja wa Texas, Donald Olson, alipiga hesabu za falaki akaonyesha kwamba siku hiyo mwezi ulikuwa pia karibu na sehemu ya mbali kabisa na dunia, kwa hiyo mvuto wake ulikuwa dhaifu kupita kawaida. Maji yalikaa pale pale, saa baada ya saa, kama maji ya birika lililosahauliwa.

Boti zikakwama kwenye mwamba. Milango ikafunguliwa, watu wakashuka majini na bunduki zao wameziinua juu ya vichwa, wakaanza kutembea. Walikuwa na zaidi ya mita 500 za kutembea, maji kiunoni na kifuani, mbele yao bunduki za rashasha. Wengine waliingia kwenye mashimo ya mabomu chini ya maji wakazama na mizigo yao. Vita vile vilichukua siku tatu, na Marine wapatao 1,000 walikufa kwa ajili ya kisiwa ambacho ukikitafuta kwenye ramani unahitaji miwani. Kwa upande wa Wajapani, wanajeshi waliotekwa wakiwa hai walikuwa 17 tu. Wakorea 129 waliosalimika walikuwa vibarua, watu waliopelekwa pale kujenga, na vita havikuwa vyao. Watu hao hawatajwi sana, nami nimependa kuwataja.

Baada ya hapo Admirali Richmond Kelly Turner, aliyeongoza upande wa majini, alisema basi. Akataka wapatikane watu watakaotangulia kwenda kuyapima maji na mwamba kabla boti haijateremshwa, na walipue chochote kinachozuia njia. Wakaundwa waogeleaji wa kulipua vizuizi, kwa kifupi cha Kiingereza UDT, wakafunzwa Hawaii. Hao ndio baba zao SEAL. Kazi yao ya kwanza kabisa ilikuwa kupima kina.

Hapa niwatajie mtu mmoja, kwa sababu habari zake zinanifurahisha. Draper Kauffman alimaliza chuo cha wanamaji cha Marekani mwaka 1933, lakini jeshi likamnyima cheo kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Mwaka 1940 akaenda Ufaransa kuendesha ambulensi. Wajerumani wakamteka. Alipoachiliwa akajiunga na wanamaji wa Uingereza, wakampa kazi ya kutegua mabomu yaliyoanguka London bila kulipuka. Mtu asiyeona vizuri anapewa mabomu! (Kicheko.) Marekani ilipomwita nyumbani ilikuwa imeelewa thamani yake, na mwezi Juni 1943 akafungua Fort Pierce, Florida, shule ya kufunza watu kulipua vizuizi vya ufukweni. Huko alichukua mazoezi ya viungo ambayo kikosi kingine kilikuwa kikiyafanya kwa wiki nane, akayabana yote katika wiki moja. Wanafunzi wakaiita wiki ya jehanamu, na jina likabaki. Kauffman mwenyewe aliingia wiki hiyo pamoja nao, na maofisa wakafanya sawa na wadogo zao, matope yale yale, gogo lile lile begani. Desturi hiyo iko hadi leo.

Watu hao walijifunza kazi kwa kuifanya. Januari 1944, huko Kwajalein, amri ilikuwa wabaki ndani ya boti, wamevaa sare nzito, viatu, kofia za chuma na kamba za usalama. Wawili kati yao, Luehrs na Acheson, waliona kwa umbali huo hawaoni kitu. Wakavua sare. Chini walikuwa wamekwisha kuvaa chupi za kuogelea, maana walikuwa wamelifikiria jambo hilo mapema, wakajitosa. Walirudi na habari za mwamba na mizinga ambazo boti isingeweza kuzipata. Kuanzia hapo ikaeleweka kwamba mtu mmoja mwenye mapafu mazuri na akili iliyotulia anaona kuliko manowari.

Miezi mitano baadaye, Juni, walikuwa Saipan. Kauffman aliwapaka watu wake rangi nyeusi mwilini, mistari mistari kwa kila futi, toka miguuni hadi juu, ili mtu akisimama juu ya mwamba atazame tu maji yamefika mstari gani. Wakachukua uzi wa kuvulia samaki wakaufunga mafundo kwa vipimo, wakauvuta toka nje hadi karibu na ufukwe. Wakaandika kina kwa penseli kwenye vibao vya plastiki. Haya yote mchana kweupe, huku wakipigwa risasi kutoka nchi kavu. Nawaambia vijana, mimi nimeona ramani nyingi za bahari katika maisha yangu, zenye namba ndogo ndogo za kina, na huwa nafikiri juu ya nani aliyeipata kila namba.

Upande wa Ulaya, ndugu zao walitua Normandy, ufukwe wa Omaha, Juni 6, 1944. Wajerumani walikuwa wamepanda vyuma na magogo ufukweni, mengine yamefungwa mabomu. Kazi ilikuwa kuvilipua wakati maji yamepwa, kabla hayajajaa na kuvificha. Maji yakaanza kujaa huku wanajeshi wa miguu wakijificha nyuma ya vile vile vyuma wanavyotaka kuvilipua. Unawasha utambi vipi na kijana wa mama mwingine amejikunja hapo? Kati ya watu 175 wa kikosi hicho pale Omaha, 31 walikufa na 60 walijeruhiwa.

Miaka inayofuata nitaipita haraka. Januari 1962 Rais Kennedy, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamaji wa boti ndogo vitani, alikubali kuundwa kwa SEAL, jina linalotokana na maneno ya Kiingereza ya bahari, anga na nchi kavu. Vikosi viwili, kimoja Coronado, California, kingine Little Creek, Virginia. Wakapelekwa Vietnam, kwenye mito na mikoko ya Mekong, wakipaka nyuso zao rangi ya kijani. Waliogopwa, na sifa zao nyingi zinatoka huko.

Lakini huko huko kuna jambo ambalo mtu mwaminifu haliruki. Februari 1969, katika kijiji cha Thanh Phong, kikosi cha SEAL kilichoongozwa na luteni kijana, Bob Kerrey, kiliua raia, wakiwemo wanawake na watoto. Kerrey aliendelea na maisha, akawa gavana, akawa seneta, na mwaka 2001 ndipo alipolikiri jambo hilo hadharani. Watu wanaotumwa usiku, wachache, bila shahidi, wanaweza kufanya ushujaa ambao hautajulikana, na wanaweza kufanya maovu ambayo hayatajulikana pia. Usiri unafunika vyote viwili.

Mwaka 1980 Marekani ilijaribu kuwaokoa mateka wake Iran ikashindwa vibaya jangwani, na kwa ajili hiyo kikaundwa kikosi kingine cha kuokoa mateka. Mwanzilishi wake, Richard Marcinko, alikiita SEAL Team Six, cha sita, wakati vikosi vilivyokuwapo ni viwili tu. Alitaka Warusi wahesabu vikosi ambavyo havipo. Bwana huyo huyo baadaye alifungwa jela kwa kula njama ya kuidhulumu serikali yake katika manunuzi ya mabomu ya mkono, nanyi mnaotoka katika nchi yenye tenda mtaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. (Kicheko.)

Na kikosi hicho kipya, chenye kila kifaa, kilipokwenda kazini Grenada mwezi Oktoba 1983, kilipoteza watu wanne kabla ya kumwona adui. Walirushwa kwa miavuli usiku, bahari imechafuka, mizigo mizito mwilini. Walizama. Miili yao haikuonekana. Miaka arobaini ilikuwa imepita tangu Tarawa.

Sasa tuje kwetu.

Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ya maharamia. Bandari yetu iliishi na hofu hiyo kila siku. Septemba 2008 ilitekwa meli ya Faina, ikija hapa hapa Mombasa na vifaru 33 tumboni. Vifaru vile vilikuwa vya nani, huo ni mjadala wa siku nyingine na wa ukumbi mkubwa kuliko huu. Kisha Aprili 8, 2009, siku ya Jumatano, ikafuata Maersk Alabama. Nayo ilikuwa inakuja kwetu, imetoka Djibouti, na sehemu ya shehena yake ilikuwa tani 5,000 za msaada wa chakula kwa watu wa Kenya, Uganda na Somalia. Ukitaka kujua uharamia ulimuumiza nani, anza na hiyo shehena.

Maharamia walikuwa wanne. Mabaharia 20, Wamarekani. Wengi wa mabaharia walijifungia kwenye vyumba vya mashine, wakazima meli ikawa gogo tu, na wakafanikiwa kumkamata kiongozi wa maharamia mwenyewe, kijana aitwaye Abduwali Muse. Mimi watu hao nawavulia kofia kabla ya makomando. Wakataka kubadilishana: mchukueni wenu, mtupe nahodha wetu. Maharamia wakamchukua Muse na nahodha Richard Phillips pia, wakashuka naye katika boti ya kuokolea maisha, ile iliyofunikwa juu yote, yenye joto la tanuri. Meli ikaendelea na safari, ikaingia Mombasa Jumamosi jioni bila nahodha wake. Tuliokuwa bandarini usiku ule tuliona waandishi wa habari wengi kuliko makuli.

Huko nyuma manowari ya Marekani, Bainbridge, ilikuwa imeifikia boti ile. Watu wa SEAL walirushwa kwa miavuli baharini, wakapandishwa manowarini. Halafu wakangoja. Sinema huifupisha sehemu hii kwa sababu kungoja hakupendezi. Boti ikaishiwa mafuta. Bahari ikachafuka, maharamia wakachoka kwa kurushwa rushwa na mawimbi, wakakubali boti yao ifungwe kamba ivutwe na manowari. Muse, aliyekuwa na jeraha mkononi, akapanda manowarini kutibiwa na kuzungumza masharti. Kamba ikawa inafupishwa kidogo kidogo, hadi boti ikawa umbali wa mita 30 au chini yake, ndani ya maji yaliyotulizwa na mwili wa manowari. Jumapili ya Pasaka, Aprili 12, giza limeingia, wadunguzi waliolala sehemu ya nyuma ya manowari waliona vichwa vitatu kwa wakati mmoja, na mmoja wa maharamia amemwelekezea nahodha bunduki mgongoni. Risasi tatu zikatoka pamoja. Nahodha akatoka hai.

Kila mtu anazisifu risasi zile. Mtu wa bandari husifu kamba. Aliyefikiria kuwavuta, na kuwavuta polepole, ndiye aliyewapa wadunguzi shabaha. Kupiga toka sitaha inayoyumba kwenda boti inayoyumba ni ufundi mkubwa, sikatai, lakini ufundi huo ungekuwa bure kama yule baharia wa kamba angekuwa na haraka.

Na waliouawa walikuwa nani? Waziri wa ulinzi wa Marekani wakati huo, Robert Gates, alisema maharamia wale walikuwa vijana wa kati ya miaka 17 na 19. Umri wenu nyinyi mlioko kule nyuma. Waliteka chakula cha watu wenye njaa, na walimwekea mtu asiye na hatia bunduki mgongoni, siwatetei. Ila sipendi kuona watu wakishangilia mauti ya watoto waliotumwa na watu wazima waliobaki nchi kavu wakingoja pesa. Muse alipelekwa New York, akahukumiwa miaka 33 na miezi 9. Wenzake wengine wa kazi ile waliletwa mahakama zetu hapa Mombasa, kwa maana Kenya ilikuwa imekubaliana na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kuwapokea, na mwaka 2010 ikafunguliwa mahakama maalumu ndani ya gereza la Shimo la Tewa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Manowari za dunia nzima zilikamata, na sisi tukabaki na kazi ya wakalimani, mawakili, askari jela na chakula cha wafungwa.

Kuna habari nyingine ambazo hapa pwani huzungumzwa kwa kunong'ona. Mimi ni mzee, acha nizitaje kwa sauti. Novemba 28, 2002, bomu lililipuka Kikambala, hotelini. Wakafa Wakenya 10, baadhi yao ni wachezaji ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni, na Waisraeli 3. Mmoja wa waliotafutwa kwa jambo hilo, Saleh Ali Saleh Nabhan, alikuwa mtoto wa mji huu. Septemba 14, 2009, makomando wa Marekani walitoka kwenye meli kwa helikopta wakamuua karibu na Barawe, kusini mwa Somalia. Miaka minne baadaye, Oktoba 2013, majuma machache baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, SEAL walirudi Barawe, safari hii kwa boti kabla ya alfajiri, wakimtafuta Mkenya mwingine wa al-Shabaab. Wakakuta upinzani mkali, na ndani ya nyumba kuna wanawake na watoto. Wakarudi baharini bila kumpata.

Maoni yangu juu ya hayo ni haya. Waliouawa Kikambala walikuwa ndugu zetu, na haki yao haikupatikana mahakamani. Kumuua mtu usiku hakukuwapa familia za wale wachezaji ngoma nafasi ya kusikia nani alifanya nini. Na ile safari iliyoshindwa ya 2013 naiheshimu kuliko wanavyoiheshimu wengine, maana kamanda aliyekubali kurudi mikono mitupu akiwa na silaha zote zile ameonyesha kitu ambacho huko Thanh Phong hakikuwepo.

Nimalizie na jambo la karibu kabisa na kazi yangu. Rubani wa bandari hupanda meli kwa ngazi ya kamba iliyoning'inizwa ubavuni. Boti yako iko chini, inapanda na kushuka na wimbi, meli nayo inatembea. Hatari haiko juu ya ngazi. Iko katika ile hatua moja, unapoacha boti na kushika ngazi. Ukishika boti ikiwa chini, wimbi litaileta juu iponde miguu yako. Ukichelewa, kuna nafasi inafunguka kati ya boti na meli, na humo ndani maji yanavuta. Mzee aliyenifunza alikuwa akinikagua mifuko kabla ya kupanda, simu, funguo, kila kitu, na kama kuna kitu kizito anakitoa, bila kuniuliza.

Januari 11, mwaka 2024, usiku, huku huku kwenye bahari ya Somalia, SEAL walikuwa wakipanda jahazi lisilo na bendera lililobeba vipande vya makombora kwenda Yemen. Wimbi lilikuwa kubwa. Mmoja wao, wakati wa kupanda, aliteleza akaanguka katika nafasi ile ile ninayowaambia. Mwenzake akajitosa kumfuata. Uchunguzi wa jeshi lao uliotolewa baadaye mwaka huo ulisema toka mwanzo hadi mwisho, mpaka wote wawili wametoweka chini ya maji, zilipita sekunde 47. Vifaa walivyovaa vilikuwa vizito kuliko uwezo wa maboya yao kuwafanya waelee, na mafunzo ya kuhakikisha maboya yanatosha uzito huo yalikuwa na kasoro. Uchunguzi wenyewe ulisema vifo vile vingeweza kuzuiwa. Hawa ni watu walioogeleshwa Coronado wamefungwa mikono na miguu ili wasiogope maji, walioipita wiki ya jehanamu, siku tano na nusu kwa usingizi wa saa nne hivi. Hesabu ya uzito na boya ni hesabu ya darasa la shule. Haikufanywa, au ilifanywa vibaya.

(Hapa msemaji alipokea maswali. Kijana mmoja aliuliza kama Mkenya anaweza kujiunga na SEAL, na mazoezi yaanzie wapi.)

Ahsante mwanangu. Kwao lazima uwe raia wa Marekani, hapo hakuna njia ya mkato. Lakini mtihani wao wa kuingilia si siri: uogelee yadi 500, kama mita 457, usizidi dakika 12 na nusu, kisha pushapu 50, kuinua mgongo 50, kujivuta kwenye chuma mara 10, na kukimbia maili moja na nusu chini ya dakika 10 na nusu. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, anayekileta hicho peke yake mara nyingi hachaguliwi. Mkitaka bahari ya kwenu, jeshi letu la wanamaji limekuwepo tangu Desemba 12, 1964, na makao yake mnayaona Mtongwe kila mkipita. Watu wake walitua Kismayu kutoka baharini Septemba 2012, kwa hiyo kazi ya namna hii si ngeni kwetu.

Kukimbia na pushapu hamna shida, nawaona kila asubuhi pale uwanjani. Ninalouliza ni kuogelea. Inueni mikono, wangapi hapa mnaogelea mita 400 bila kupumzika? Usimwangalie mwenzako, inua wako. Haya. Mikono ni michache, nasi tumekaa hatua chache tu kutoka kivukoni. Jumamosi asubuhi maji yakijaa, anayetaka anikute Shelly, aje na ruhusa ya mzazi. Nitamleta kijana mmoja mpiga mbizi anayefundisha vizuri kuliko mimi. Tutaanzia maji ya kiunoni.

Yule mama kule nyuma ameinua mkono kitambo, mpeni kipaza sauti.